Shajara ya mabwawa ya mwani, Usa River: dizeli, chakula na gesi ya jikoni

Novemba, vuli inaanza

Mabwawa yamekamilika. Ni mawili, kila moja lina mita 50 za mraba, kuta za tofali za saruji, na ndani tumetandika plastiki nene ya aina inayoruhusiwa kugusa chakula. Katikati ya kila bwawa tumejenga ukuta mfupi, maji yapate kuuzunguka kama wakimbiaji uwanjani huku yakisukumwa na gurudumu la makasia. Gurudumu linaendeshwa na mota ya wati 60 ambayo fundi wetu ameiokoa kwenye mashine mbovu na kuifungia giaboksi ndogo. Kina cha maji ni sentimita 20, hivyo kila bwawa linachukua lita 10,000. Juu tumeezeka nailoni ya kitalu nyumba.

Niandike lengo kama lilivyosemwa kwenye kikao cha ndugu waliochanga fedha: tulime mwani mdogo wa majini, tuukamue mafuta, mafuta tuyageuze dizeli ya kuendesha mashine ya kusaga, na kinachobaki kiwe chakula cha watu na mifugo. Ndivyo tulivyoeleza, na ndivyo wanavyotusubiri. Bwawa la Kwanza litakuwa la spirulina, mwani wa nyuzi unaoliwa, kwa ajili ya chakula. Bwawa la Pili litakuwa la klorela, ile punje ya kijani ambayo inaweza kujaza mafuta mwilini mwake ikinyimwa naitrojeni.

Kilichotuchelewesha ni maji. Huku miteremkoni mwa Meru visima na chemchemi nyingi zina floraidi, na kila mtu anayajua meno ya kahawia ya watoto waliokulia hapa. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za kwetu zinauvuka. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa jirani, kimekuwa kikiyachuja maji ya namna hii kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Bwawa ni kitu kibaya zaidi kuliko kisima, kwa sababu maji yanakauka kwa jua na chumvi zinabaki, kisha unaongeza maji mengine yenye floraidi ileile, mwezi baada ya mwezi. Tumeamua kutumia maji ya mvua ya kwenye bati peke yake. Simtanki mbili zipo tayari.

Kwa sababu hiyohiyo tumeachana na magadi ya Ziwa Natron. Yanapatikana sokoni kwa bei ya chini, mama zetu wanapikia makande na maharage, na mwani wenyewe unayapenda, kwani maziwa ya magadi ndiyo kwao. Lakini yanakuja na floraidi yake. Tumenunua bikabonati ya sodiamu ya daraja la chakula. Wataalamu wengi wanafuata mchanganyiko wa Zarrouk, aliouandika katika tasnifu yake ya mwaka 1966, wenye gramu 16.8 kwa lita. Wakulima wadogo huanza na gramu 8 hivi na mwani unakubali. Kwa lita 10,000 hizo ni kilo 80, nazo zimekula sehemu kubwa ya fedha ya mwezi huu.

Januari

Mbegu imefika: dumu moja la spirulina hai kutoka kwa mkulima mwenzetu. Kuna aliyeuliza kwa nini tusiende Momela na ndoo, wakati heroe wanaila palepale bure. Kwanza, Momela ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na huchoti kitu humo bila kibali. Pili, maji ya ziwa hayana spirulina peke yake. Yana jamaa zake wengine, na baadhi yao hutoa sumu ya ini na ya neva. Mbegu ya chakula lazima ijulikane ilikotoka.

Mwalimu wa kemia wa sekondari ametuazima hadubini. Spirulina inaonekana vizuri, nyuzi za kijani zilizojiviringa, zinajisogeza polepole. Nyuzi hizo ni msaada mkubwa kwetu: unaweza kuzichuja kwa kitambaa.

Tunaikuza kwa hatua: ndoo, beseni, simtanki iliyokatwa juu, kisha kona ya bwawa iliyozibwa. Kila hatua tunaongeza maji kiasi cha kuuzidisha ujazo mara mbili tu na kusubiri kijani kirudi. Ukiimwaga mbegu changa kwenye maji mengi kwa mara moja, jua linaiunguza, maana hakuna wenzake wa kumpa kivuli. Tumetandaza neti ya kivuli juu.

Klorela haikutusumbua kuianzisha. Haihitaji magadi, inakwenda na maji ya kawaida yenye mbolea kidogo, na ndani ya muda mfupi Bwawa la Pili likawa la kijani zito. Wageni wanalipenda zaidi kuliko lile la Kwanza.

Februari

Mavuno ya kwanza ya spirulina. Kipimo chetu ni kisahani cheupe kilichofungwa mwisho wa fimbo yenye alama: unakizamisha hadi kisionekane. Kikipotea kwenye sentimita 3 au chini yake, mwani umeiva. Tunachota maji asubuhi mapema, tunapitisha kwenye wavu wa kuondoa wadudu na takataka, halafu kwenye kitambaa kizito. Kinachobaki ni uji mzito wa kijani cheusi. Unakandamizwa, unakamuliwa kwa mashine ya tambi juu ya trei za wavu, na unaanikwa ndani ya kikaushio cha jua. Shangazi ndiye mkuu wa kukausha. Ameweka sheria mbili: joto lisipite nyuzi 60, na tambi isiyovunjika kwa mlio irudi kikaushioni.

Wastani wetu ni gramu 6 hivi za mwani mkavu kwa mita moja ya mraba kwa siku, ambao ni wa kawaida kwa shamba dogo. Bwawa zima linatoa kama gramu 300. Kwa protini hakuna ubishi, ni kati ya asilimia 55 na 70 ya uzito mkavu. Wanawake wa Kikanembu nchini Chad wamekuwa wakichota mwani huu kwenye vidimbwi vya magadi, wanaukausha juani mchangani na kupikia mchuzi, wao wanauita *dihé*. Sisi tunachanganya kijiko kwenye uji wa lishe. Ladha yake haifichiki, watoto wanasema inanuka ziwa.

Jambo moja la kuwaambia wanunuzi tangu mwanzo: vitamini B12 inayosifiwa kwenye vifungashio vya spirulina sehemu kubwa ni ya umbo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Tusije tukaiandika kwenye lebo yetu.

Bwawa la Pili limekufa. Jioni lilikuwa kijani, siku chache baadaye rangi ya chai ya rangi. Hadubini ilionyesha vidudu vyenye vinywele vinavyozunguka mdomoni, vimejaa, kila kimoja tumbo la kijani. Vimeila klorela yote. Hii ndiyo tofauti kubwa ya mabwawa haya mawili. Kwenye maji ya pH 10 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ni wachache wanaoweza kuishi, kwa hiyo spirulina inalindwa na magadi yake. Klorela inaishi kwenye maji ambayo kila mdudu anayapenda. Tumesafisha, tumeanza upya, na sasa tunapuliza hewa ukaa kidogo usiku kutoka kwenye mtungi ili kushusha pH na kuwadhoofisha vidudu.

Machi, mwanzoni

Klorela imerudi. Tukaacha kuipa mbolea ya naitrojeni ili ijaze mafuta. Kama vitabu vinavyosema, ilijaza na ikaacha kukua. Hapo ndipo kitendawili cha mafuta ya mwani kilipo: shibe inaleta wingi, njaa inaleta mafuta, na huwezi kupata vyote kwa wakati mmoja kwenye bwawa moja.

Kuivuna ni kazi nyingine. Punje zake ni ndogo mno, zinapita kwenye kitambaa chochote. Tulitumia shabu, ileile ya kutakasia maji ya mto, na mwani ukazama vizuri. Lakini alumini ya shabu inabaki kwenye tope, kwa hiyo tope hilo halifai tena kwa kuku wala samaki. Mwalimu alichukua kiasi kidogo kilichokauka, akakitwanga na kukiloweka maabara kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Heksani ilipoondoka, kikabaki kimafuta cha kijani kibichi chini ya chupa. Ili kiwe dizeli kinatakiwa kichanganywe na methanoli na kostiki, kigawanyike kuwa esta juu, ambayo ndiyo dizeli yenyewe, na gliseroli chini. Kilikuwa kidogo hata kugawanya isingewezekana.

Machi, katikati: hesabu

Ukurasa huu nauandika kwa ajili ya wote waliochanga, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Chukua bwawa moja, gramu 300 za mwani mkavu kwa siku. Tuseme klorela yetu ina mafuta asilimia 20, ambayo ni ukarimu kwa mazingira yetu. Hizo ni gramu 60 za mafuta, kama mililita 65. Nishati yake ni takriban megajuli 2.2. Kwa lugha ya Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni uniti (kilowati-saa) 0.6, endapo ungeweza kuigeuza yote. Jenereta dogo la dizeli haliwezi. Litakupa kama uniti 0.2.

Sasa mota ya gurudumu. Wati 60 kwa saa 12 za mchana ni uniti 0.72. Yaani kuzungusha maji peke yake kunataka zaidi ya mara tatu ya umeme ambao mafuta ya bwawa hilohilo yangetoa. Hatujahesabu kuvuna, kukausha, heksani, methanoli, wala mtu anayekesha.

Kukausha ndiko kunakomaliza kabisa. Uji uliokandamizwa bado una maji asilimia 80. Kwa kila kilo ya mwani mkavu unayoitaka lazima ufukuze kilo 4 za maji, na hiyo ni megajuli 10 hivi za joto. Kilo hiyo yenyewe yote, na protini yake na kila kitu, ina nishati ya megajuli 20 na kidogo. Jua linatusaidia kwa sababu tunakausha trei chache. Kwa tani ungehitaji uwanja wa mpira mzima.

Wala si sisi tu. Serikali ya Marekani ilikuwa na mpango wa mwani wa mafuta kuanzia 1978 hadi 1996, uliogharimu takriban dola milioni 25. Walikusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani, wakajenga mabwawa ya mita za mraba 1,000 kila moja huko Roswell, New Mexico, yenye gurudumu la makasia kama yetu. Kuna siku walifika gramu 50 kwa mita ya mraba, lakini wastani wa muda mrefu ukavutwa chini sana na baridi ya usiku wa jangwani. Ripoti ya kufungia ilitoka 1998 ikisema mwani unakua, ila dizeli yake ingekuwa ghali mno ukiilinganisha na dizeli ya kawaida. Mwaka 2009 kampuni ya mafuta ya ExxonMobil nao wakaingia, wakatangaza kuwa wangeweza kutumia hadi dola milioni 600 wakishirikiana na kampuni ya bayoteknolojia ya Synthetic Genomics. Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana kuwa wamejitoa. Watu wenye maabara na fedha za namna hiyo hawakushindwa kwa uvivu.

Ninachokilalamikia ni namna habari hii inavyouzwa. Utasoma kwamba ekari ya mwani inashinda ekari ya michikichi kwa mafuta mara nyingi, na kwa uzito wa mafuta kwa eneo hesabu hiyo inaweza kusimama. Anayeiuza hakuonyeshi bili ya pampu.

Jirani yetu mzee, mwenye ng'ombe wawili wa ndani, alipita nikiwa na daftari hili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Dizeli itatoka lini sasa?"

Nikamweleza. Akacheka, akasema samadi ya ng'ombe wake inampikia chai kila siku na haina heksani. Nilicheka naye, kisha nikarudi kwenye daftari kuihesabu. Ng'ombe wawili, samadi kama kilo 40 kwa siku, bayogesi mita za ujazo 1.5, megajuli 32 hivi. Mara kumi na nne ya mafuta ya bwawa letu.

Aprili

Masika. Upepo umepasua nailoni ya Bwawa la Kwanza na mvua ya usiku mmoja imeingia yote. Maji yamepanda, chumvi imeshuka, pH nayo. Tumelazimika kuongeza bikabonati ambayo hatukuipangia fedha. Hili si la mabwawa tu: Ziwa Nakuru lilipoanza kujaa miaka ya 2010, magadi yake yalizimuliwa, spirulina ikapungua na heroe wengi wakahamia kwingine.

Umeme nao unakatika katika mvua hizi. Gurudumu likisimama mchana wa jua, spirulina inapanda juu, inatengeneza utando mzito, ya juu inaungua na ya chini inakosa mwanga. Tumekubaliana kwamba yeyote aliye karibu achukue fagio lenye mpini mrefu na kukoroga mpaka umeme urudi. Fundi anataka paneli ya jua moja kwa moja kwenye mota, bila betri: jua likiwaka gurudumu linazunguka, jua likizama mwani nao umelala. Nakubaliana naye, ila usiku nao kukoroga mara chache kunasaidia ili tope lisitulie chini.

Kikao cha ndugu kimefanyika. Hoja ilikuwa moja: Bwawa la Pili liache klorela. Kulikuwa na manung'uniko. Shemeji mmoja kutoka Unguja akauliza kama basi tusingelima mwani wa baharini, wa Paje, unaokua wenyewe. Nikamjibu kwamba mwani wa Zanzibar, uliolimwa kibiashara tangu 1989, umedumu kwa sababu hakuna anayeuchoma. Unauzwa kwa ajili ya karajinani, ute unaoshikanisha dawa ya meno na maziwa, na wataalamu kama Dkt. Flower Msuya wamewasaidia akina mama kuuongezea thamani kwa sabuni na vyakula. Mwani wenye bei nzuri mezani hauendi kwenye moto. Hoja ikapita.

Mei hadi Juni

Tumerudi kwa mzee. Mtambo wake wa bayogesi ni wa kuba la chini ya ardhi, wa mtindo wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, waliousambaza nchini tangu miaka ya themanini. Upo hatua chache kutoka kwenye uzio wetu. Wazo la kwanza lilikuwa kumlisha mtambo mwani wetu. Hesabu yake ni afadhali kidogo kuliko ya mafuta: gramu 300 za mwani zingetoa kama lita 80 za methani, ile gesi inayowaka, megajuli 2.9, bila kukausha na bila heksani. Lakini mwani una protini nyingi, yaani naitrojeni nyingi mno kwa kaboni yake, na ukiwa mwingi mtamboni unageuka amonia na kuwaua bakteria wa gesi. Unatakiwa uchanganywe na samadi na majani makavu. Na kwa nini umpe mtambo kitu ambacho kuku wanakigombania? Tumekubaliana kwamba kinachokwenda mtamboni ni masalio tu: tambi zilizoungua, utando uliokufa, mavuno yaliyoingia wadudu.

Wazo la pili ndilo lililotushika. Bayogesi ya mzee ina hewa ukaa karibu asilimia 38, ambayo haiwaki, inapunguza tu ukali wa moto. Na spirulina yetu inakula hewa ukaa. Kila kilo ya mwani mkavu inahitaji kama kilo 1.8. Bila kuongezewa, inaila ile ya kwenye bikabonati, pH inapanda kila siku, na ikikaribia 11 mwani unasimama. Ng'ombe wawili wanatoa kilo moja hivi ya hewa ukaa kwa siku ndani ya gesi yao. Bwawa moja linahitaji gramu 540. Nilirudia hesabu hii nikidhani nimeweka nukta pasipostahili. Inatosha na kubaki.

Kitu cha kwanza ambacho mtu angefanya ni kupitisha gesi ndani ya bwawa. Usifanye hivyo. Mwani unatoa oksijeni, oksijeni ikiingia kwenye methani una bomu: methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa cheche. Sisi tunatumia maji yasiyo na mwani. Kila tunapovuna, mamia ya lita yanapita kitambaani na kutoka yakiwa safi, pH 10.6, yenye njaa ya hewa ukaa. Hayo ndiyo tunayoyapandisha kwenye nguzo.

Nguzo ni bomba la PVC la inchi 6, mita 2 kwenda juu, limejazwa vipande vya bomba jembamba ili maji yatawanyike. Maji yanadondoka kutoka juu, gesi inapanda kutoka chini, na maji yanainyonya hewa ukaa. Kabla ya nguzo gesi inapita kwenye kopo la pamba ya chuma iliyoachwa ishike kutu. Kutu inakamata haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza inayokula majiko na isiyotakiwa majini. Pamba ikibadilika kuwa nyeusi inatolewa nje ikae hewani, kwa uangalifu, maana inapata joto. Chini ya nguzo kuna kona ya bomba iliyojaa maji inayozuia gesi isitoroke na maji.

Bwawa la Pili sasa ni la spirulina, na ndilo pekee linalopokea maji ya nguzo. Mavuno yake ni ya vifaranga na samaki. Bwawa la Kwanza linabaki na bikabonati ya dukani na vifaa vyake vyenyewe, hata ndoo zina rangi tofauti. Maji yaliyopita kwenye gesi ya samadi hayakaribii uji wa mtoto, hata kama vipimo vingesema ni salama.

Kupima tunatumia mbinu ya mwalimu: unavuta gesi kwenye sirinji kubwa, unavuta maji ya kostiki kidogo, unatikisa. Kostiki inameza hewa ukaa na kisukumio cha sirinji kinaingia chenyewe. Kiasi kilichopungua ndicho kilichokuwa hewa ukaa. Kabla ya nguzo inapungua zaidi ya theluthi. Baada ya nguzo inapungua kama sehemu moja ya kumi. Maji yanatoka na pH 9.8 hivi, yamenenepa tayari kurudi bwawani. Maji ya mavuno ya siku moja yanatosha kuosha karibu nusu ya gesi, ile ya jioni.

Mke wa mzee hakuhitaji sirinji. Alisema ugali unaiva haraka na sufuria haitoi jasho jeusi.

Julai

Baridi. Asubuhi maji ya bwawa yanasoma nyuzi 17, na spirulina inayopenda 35 imekunja mikono. Mavuno ni robo ya Februari. Kijana mmoja wa kikundi akashauri tupashe maji kwa gesi. Kupasha lita 10,000 kwa nyuzi moja tu kunataka megajuli 42, na gesi yote ya siku ni 32, tena mtambo nao umepoa na kupunguza. Tumeshusha kina hadi sentimita 12 ili jua dogo lililopo liyapashe maji haraka, tukafunika usiku kwa turubai. Inasaidia kidogo. Mwezi huu nguzo imekosa kazi, kwani mwani usiokua hauli.

Tumetumia utulivu huu kupeleka sampuli za Bwawa la Kwanza maabara: bakteria, madini mazito, na floraidi, ambayo haikuwemo kwenye orodha yao ya kawaida ikabidi tuiombe. Bila majibu hayo hatuwezi kwenda TBS, shirika la viwango, wala kuuza hata pakiti moja nje ya familia.

Septemba

Joto limerudi, kisahani kinapotea kwenye sentimita 2. Majibu ya maabara ni mazuri kwa Bwawa la Kwanza. Floraidi iko chini, gharama ya maji ya mvua imejilipa.

Mafuta hatujazalisha wala hatutazalisha, na mashine ya kusaga itaendelea na dizeli ya kituoni. Kinachotoka hapa ni unga wa lishe kutoka bwawa moja, chakula cha vifaranga kutoka la pili, gesi kali zaidi kwa jirani, na tope la mtambo linalokwenda kwenye migomba ya pande zote mbili za uzio. Bikabonati ya Bwawa la Pili hatujanunua tangu nguzo ianze. Kati ya vyote, hilo la mwisho ndilo ninaloweza kumwonyesha mhasibu bila kumpa hotuba.

Binti wa shangazi, aliyesomea chakula, anataka tujaribu kutoa ile rangi ya bluu ya spirulina kwa watengeneza aiskrimu. Rangi ipo, inatoka kwa kuloweka tu kwenye maji. Ugumu ni kwamba inaharibika kwa joto na mwanga, kwa hiyo lazima itokane na mwani mbichi au uliokaushwa kwa joto dogo sana, na ifike kwa mnunuzi ikiwa baridi. Nimempa lita tano za mwani mbichi achezee.

Kazi za wiki ijayo: kufunga paneli kwenye mota ya Bwawa la Kwanza, kubadilisha pamba ya chuma, kuweka kizuizi cha moto kwenye bomba la gesi kabla ya jiko, fundi ameshapata wavu wa shaba, na kumlipa mzee samadi ya miezi mitatu kwa vifaranga kumi, kama tulivyoelewana.